Uzoefu wangu: siku kumi za binti yangu kwenye kambi ya likizo, Marangu

Juni iliyopita nilimpeleka binti yangu wa darasa la tano kwenye kambi ya likizo ya watoto, Marangu. Siku kumi, kulala huko huko. Nililipa 220,000, chakula humo humo, nauli juu yangu. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha wanaojiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, kama hela hiyo isingefaa zaidi kwenda tuisheni.

Tuisheni tulishajaribu. Mwaka juzi alisoma likizo nzima, asubuhi mpaka saa tisa. Shule zilipofunguliwa alirudi amechoka kuliko alipofunga, na maswali ya ujazo bado yalikuwa yanamtoa machozi.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Wiki moja baada ya kambi tulikwenda kwa bibi yake, Kirua. Chini ya kihamba chao, shamba la migomba la nyumbani, unapita mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba. Binti akaomba futi kamba na simu yangu. Akapima mita 10 kando ya maji, akachomeka vijiti viwili, akadondosha jani kavu la mgomba kwenye kijiti cha kwanza, akahesabu. Sekunde 20. Akapima upana, sentimita 40, akazamisha kijiti kupata kina, sentimita 20. Akachuchumaa pale pale akikokotoa kwa kuandika kwenye udongo: lita 40 kila sekunde. Kisha akapunguza zikabaki 32, akanieleza kwamba maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwa hiyo jani linadanganya kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa akilia kwa maswali ya ujazo!

Bibi yake alisimama na jembe mkononi akimsikiliza. "Mjukuu wangu," akasema, "maji haya nimeyagombea zamu tangu niolewe, sikuwahi kujua ni ndoo ngapi."

Kambini walimleta mzee anayesimamia mfongo wa jirani. Aliwaonyesha maji yanapochepushwa kutoka mtoni, akawaeleza zamu zinavyopangwa na kwa nini asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hupigwa faini. Baada ya hapo ndipo walezi wakagawa kamba na saa, wakawaacha watoto wapime wenyewe, wabishane, warudie. Hakuna aliyewaandikia kanuni ubaoni kwanza. Mimi nafikiri siri yote iko hapo, na kwa hili tu nisingejutia pesa yangu.

Mengine pia yalikuwa mazuri: kutembea msituni na kuona mbega, kupika kwa zamu, kufua nguo zao. Simu hazikuruhusiwa, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kuikosa.

Lakini kuna mambo mawili yaliyoniumiza.

La kwanza ni baridi. Kwenye kikao cha wazazi kiongozi alitusimulia kwamba kambi hizi zilianzia Marekani, mwaka 1861, pale mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut alipowatoa wanafunzi wake shuleni akaenda kupiga nao kambi kwa wiki mbili. Historia nzuri. Ila wenzetu wale hufunga shule wakati wa joto, na Marangu mwezi Juni ni manyunyu na ukungu. Orodha ya vifaa tuliyopewa ilitaja kaptula mbili na blanketi moja. Sweta lilitajwa mwishoni, "si lazima". Viatu vya mvua havikutajwa kabisa. Mwanangu alilala usiku mbili akitetemeka mpaka mlezi mmoja, Mungu ambariki, alipomwongezea blanketi lake mwenyewe.

La pili ni zito zaidi. Usiku wa nne alipata homa. Walimpeleka zahanati, wakampima malaria, hakuwa nayo, akapewa dawa akapona. Hapo walifanya vema. Lakini mimi nilipigiwa simu kesho yake saa nne asubuhi. Mtoto wangu anaumwa usiku, mimi nimelala Moshi mjini sijui lolote! Nilipolalamika waliniambia hawakutaka kunitia hofu. Nimewaambia, na narudia hapa: mzazi anapigiwa usiku huo huo. Hofu ni yangu, niachieni mwenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kumpeleka wako, kabla ya kulipa uliza nani analala na wasichana na nani analala na wavulana, zahanati iko umbali gani, na mtoto akiugua unapigiwa saa ngapi. Kisha fungasha mablanketi mawili, sweta zito na mabuti ya mpira, hata kama orodha haisemi.

Desemba binti anataka kurudi. Nimewaambia sitatoa hata shilingi kabla utaratibu wa kumpigia mzazi haujaandikwa kwenye fomu. Wamenitumia fomu mpya juzi, kipengele kipo, nami nimelipa nusu. Yeye ameshanunuliwa futi kamba yake.