Semina ya ridhaa ya mgonjwa, siku 2 kwa elfu 40: niliyoyaona

Watu kama 5 wameshaniuliza pembeni kuhusu ile semina ya ridhaa na maadili ya tiba kwa wanafunzi wa udaktari, basi naandika mara moja nisirudierudie. Niko mwaka wa 5, nimeenda wikiendi iliyopita hapa hapa Dar, waandaaji siwataji maana kuna mahali ntawasema na sitaki kesi. Elfu 40, chai na msosi humo humo.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa hovyo. Tuliambiwa saa 2, tumeanza saa 4 kasoro, projekta inawaka inazima, halafu slaidi juu ya slaidi za miongozo ya zamani ya maadili ya kufanyia watu utafiti, Nuremberg 1947, Helsinki 1964, Belmont 1979, jamaa anasoma tu kama matangazo ya vifo redioni. Hivyo vyote tulishakariri tukajibia mtihani tukasahau. Kidogo nilichoamkia ni habari ya Tuskegee, wale wanaume weusi wa Alabama, Marekani, walioanza kufuatiliwa kwenye utafiti 1932, karibu 400 walikuwa na kaswende na hawakuambiwa, wakaambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa, penisilini ya kuitibu imekuja imeenea wao hawapewi, mpaka magazeti yalipolipua 1972. Mimi hapo nikajiuliza, hiyo damu mbaya si ndo damu chafu yetu? Ni mara ngapi nimesikia wodini mtu anaambiwa "damu yako chafu kidogo, tutakupa dawa" basi imeisha hiyo, na hakuna mwenye nia mbaya, ila mgonjwa anaondoka hajui anaumwa nini. Mtoa mada hata hakugusa hapo, akapita na slaidi yake.

Sasa mchana. Mchana ndo uliolipa hela yangu.

Walileta dada wa kikundi cha maigizo, kavaa khanga, kaigiza mama mwenye uchungu, mimba ya tatu, ana makovu mawili ya operesheni, mapigo ya mtoto yanashuka. Mwanafunzi una dakika 5 umweleze na umwombe ridhaa. Akaanza jamaa yetu mmoja kipanga haswa, yule wa kuulizwa na wengine, akashusha maelezo yote bila kosa, tatizo robo tatu ni Kiingereza kilichovaa viambishi vya Kiswahili. Dada anaitikia tu, "sawa daktari", "sawa daktari", nilihesabu mara 6, akashika peni akasaini. Jamaa karudi kukaa anatabasamu. Mwezeshaji, mama mtu mzima daktari bingwa wa wanawake, akamgeukia yule dada, "haya mama, hawa wanangu wanaenda kukufanya nini?" Dada akajibu, "wanaenda kunisafisha."

Ukumbi kimyaa. Yaani mtu kasaini kupasuliwa, yeye anajua anaenda kusafishwa kizazi.

Yule mama mwezeshaji akasema kitu kimoja ambacho nimekifikiria wiki nzima: wagonjwa wetu wamelelewa wasibishane na mkubwa, kwa hiyo "sawa daktari" mara nyingi maana yake ni nimekusikia, au ni shikamoo nyingine tu, au ni niache niumie kwa amani. Usiihesabu. Mwambie, "mama, nieleze kwa maneno yako, ukienda nyumbani utamwambiaje dada yako tumekufanya nini?" Akishindwa kueleza, wewe ndo umeshindwa kufundisha, rudi mwanzo.

Baada ya hapo tukapigishwa zoezi, kila mtu aeleze operesheni ya uzazi bila neno hata moja la Kiingereza. Jamani. Kondo la nyuma tunalijua, ganzi ya mgongoni tunaijua, nusu kaputi tunaijua, lakini kueleza hatari ndo balaa. Zamu yangu nikasema "kuna madhara yanaweza kujitokeza", dada akanikazia macho, "kwa hiyo nitapata madhara?" nikabaki nimeduwaa. Mama mwezeshaji akanionesha: usitaje madhara juu juu, sema kinachotokea na sisi tutafanya nini. "Damu ikitoka nyingi tutakuongezea. Ikigoma kabisa kukata itabidi tutoe kizazi ili wewe ubaki, hutabeba mimba tena. Haitokei kwa wengi, ila kwa makovu yako mawili lazima nikwambie kabla." Sekunde 20 hivi, na hiyo "kabla" ndo yenyewe, kwa sababu akijua wodini siku ya pili huko ni kupewa taarifa tu.

Ikaja ya mume. Dada kasema "mpigieni kwanza baba watoto". Nusu ya darasa wakapiga kelele kwamba ni mtu mzima aamue mwenyewe, mwezeshaji akawatuliza, akasema ni haki yake kutaka kuongea na mumewe, mpe simu haraka maana mtoto anachoka, kosa ni pale nesi anapompigia mume kabla hata hajamuuliza mwenye tumbo. Hili tu lingetosha nusu siku, wakalipatia dakika 15.

Jumapili tukaongelea sisi wenyewe. Kumbe Marekani mwezi wa 4 2024 serikali iliagiza hospitali zichukue ridhaa ya maandishi kabla wanafunzi hawajampima sehemu za siri mgonjwa aliyelala kwa nusu kaputi, maana ilikuwa inafanyika bila mtu kujua. Tukainamisha vichwa. Mimi mwaka wa 3 nilipanga foleni na wenzangu 6 kushika tumbo la mama mmoja, hospitali siitaji, wa mwisho anafika mama kageuza uso ukutani, na hakuna aliyemwambia sisi ni nani. Tulivaa makoti meupe, akatuita madaktari, tukakaa kimya.

Sheria ndo waliichezea. Mwanasheria kaja kachelewa, kakimbiza kama anawahi mwendokasi. Nilichodaka ni kwamba kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU tangu sheria yetu ya Ukimwi irekebishwe 2019, na kwamba Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Swali la Shahidi wa Yehova anayekataa damu huku anaisha, wakasema tutarudi, hawakurudi. Makabrasha nayo ni Kiingereza kitupu, kwenye semina iliyotuchapa mchana mzima tuongee Kiswahili! Cheti mpaka leo hakijaja wasap.

Nawapa 7 kwa 10, na hizo 7 ni za yule mama na yule dada wa khanga, wasipokuwepo msitoe hela. Mwaka wa 3 na wa 4 nendeni, mwaka wa kwanza subirini muingie wodi kwanza. Fikeni saa 4, mkae mbele maana maiki inakoroma, na pilau inatoka saa 9 kwa hiyo kunyweni chai ya maana.