Daladala ya Gongo la Mboto iliyoishia Banana

Nilishaapa siandiki kitu kuhusu daladala, maana kila mtu wa Dar ana lake. Lakini yule konda kaniweza.

Ni wiki kama mbili tatu hivi. Natoka Kariakoo jioni na kiroba cha mchele, kilo 25. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, konda mwenyewe anaita "Gongo la Mboto mwisho!" Nikapanda. Hatujafika hata Tazara kashakusanya nauli zote, noti kazikunja kwa urefu, kazibana katikati ya vidole, anagonga bati kwa sarafu, twende suka! Kufika Banana, kabla ya Gongo la Mboto, gari likaingia pembeni. "Shukeni, gari linageuza."

Linageuza wapi? Nikamuuliza kwa ustaarabu, mwanangu, si umeita Gongo la Mboto? Hakuniangalia mimi, aliangalia kiroba. "Mama, hapo si mbali, au unataka nikubebe na wewe?" Watu wakacheka. Na waliocheka ni haohao walioshushwa! Nauli hakurudisha hata mia. Kiroba sijakisimamisha vizuri, gari hilo, limerudi mjini kuwahi watu wengine wa jioni.

Sasa, hesabu zao nazijua. Mdogo wangu aliwahi kuwa deiwaka, konda wa kibarua cha siku. Mshahara hakuna. Unaanza na mafuta, unatafuta hesabu, ile hela ya kila siku ya tajiri mwenye gari, kinachobaki ndicho chako na dereva. Foleni ikikula tripu mbili, umekwisha, na hesabu isipotimia kesho gari anapewa mwingine. Ndiyo maana wanafunzi wanaachwa kituoni: mia mbili yake inakaa kwenye nafasi ya mtu mzima. Na kupeleka watu sita mpaka Gongo la Mboto wakati Kariakoo wamejaa wanasukumana, hiyo ni hasara. Ningekuwa konda labda na mimi ningegeuza Banana. Ila nauli ningerudisha! Hapana, hapo simtetei.

Mama yangu anasema mwaka 1983, UDA, mabasi ya umma ya Dar, ilipozidiwa na serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli ilikuwa dala, yaani shilingi tano, ndipo jina likatoka hapo. Anasema watu walishangilia. Barabara imebaki ya umma mpaka leo, ila hesabu ni ya tajiri, na tajiri hayumo garini kuulizwa.

Yule konda nilitaka nimpe nyota moja. Nikikumbuka mdogo wangu alivyokuwa akiingia saa sita usiku na elfu tatu mfukoni, natamani kuongeza ya pili. Halafu nakumbuka konda alivyokiangalia kile kiroba. Sitoi hata nusu.

Pale Banana nikaita bodaboda. Akanitajia elfu mbili: moja yangu, moja ya mchele.