Zermatt, Uswisi: mji usio na magari, kama kwetu Lamu

Mdogo wangu ameolewa Uswisi, na Julai alinipeleka Zermatt siku nne. Mimi mtoto wa Langoni, mtaa wa Lamu, na kilichonigusa kwanza ni utulivu. Magari ya petroli hayaruhusiwi. Gari mnaliacha kijiji cha jirani, Täsch, mnapanda treni. Vichochoroni hupita vigari vya umeme, na kila nikisikia kitu nyuma yangu najibanza ukutani nikidhani ni punda.

Treni ya Gornergrat, iliyoanza 1898, inapanda mpaka mita 3,089. Tuliposhuka, mlima Matterhorn ulikuwa mbele yetu mweupe, hauna hata wingu. Nikavua glovu nikachota theluji. Ilikuwa ya chembechembe, ngumu kama chumvi ya mawe, ikayeyuka juu ya hina yangu, maji yakachuruzika hadi kiwikoni. Wallahi nililia.

Kiangazi wengi hutembea kwa miguu au baiskeli, lakini kwenye barafuto (mto wa barafu) ya Theodul watu huteleza kwa skii mwaka mzima. Kiangazi nendeni alfajiri, maana ikifika adhuhuri theluji inalainika.

Kasoro: duka nililokodi viatu walinipa vinavyobana, wakaniambia vitalegea. Havikulegea, na kucha ya gumba imekuwa nyeusi hadi leo. Vijaribuni kwa kutembea dukani, na msione haya kuvirudisha.

Bei ni kali. Tulikula jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, tukashiba.

Nikijaaliwa nitarudi Januari, na safari hiyo mama nitamchukua.