Pangani: angalia mwezi kabla ya kukata tiketi

Wabongo wengi wakitaka bahari wanavuka Unguja. Mimi na mke wangu tulishuka Tanga mjini, tukapanda kipanya hadi Pangani, na naandika haya kwa ajili ya anayejiuliza kama huko kuna cha kufuata. Kipo, tena kingi. Ila nenda kwa kalenda ya maji, usiende kwa kalenda ya likizo.

Nianze na Maziwe, maana ndicho kinachowavuta wageni. Ni fungu la mchanga lililo peke yake baharini, eneo tengefu tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa hasa, kina mivinje na kivuli chake. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Siku hizi maji yakijaa sana kisiwa kinazama, yakikupwa kinatoka cheupe pee.

Sasa hapo ndipo penye hesabu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, pwani hii maji hukupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Unatoka mapema, unaukuta mchanga wote uko wazi, unaogelea, unakula, unarudi bila kukimbizana na mtu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa nne hiyo hiyo ndiyo maji yako juu. Kwenye nyumba yetu ya wageni kulikuwa na familia iliyotoka Arusha kwa wikendi moja tu, ikaangukia siku za mpito, kati ya bamvua na maji mafu. Safari yao ilisogezwa mpaka mchana, jua la utosini. Walinung'unika sana, lakini mwenye boti angefanyaje?

Nahodha wetu alituambia tangu usiku: "Kaka, mkitaka mchanga, saa moja muwe hapa na shemeji. Mkichelewa nitawapeleka vilevile, lakini mtasimama kwenye maji ya magoti." Saa moja tulikuwa mtoni. Boti ikashuka na mkondo wa Mto Pangani, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ukafika mstari ambapo mto unaishia na bahari inaanza. Rangi inabadilika ghafla na boti inaanza kurushwa. Wenye kichefuchefu wanywe tangawizi mapema.

Kisiwani hakuna kitu. Hakuna choo, hakuna duka, hakuna kivuli. Nahodha alichomeka miti minne, akatandaza turubai, na hiyo ndiyo ikawa nyumba. Matumbawe yapo hatua chache tu kutoka mchangani, na samaki ni wa kila rangi, ingawa kuna sehemu utaona vipande vimekufa, vimelala kama vifusi: uvuvi wa baruti uliitesa sana pwani ya Tanga. Malalamiko yangu ni kwenye vifaa. Miwani niliyopewa ilivuja, na mrija wa mke wangu ulikuwa umepasuka mdomoni. Ukiwa na vyako, beba. Na kabla hujalipa, uliza kama bei ya boti imejumlisha kiingilio cha hifadhi, kwa sababu kiingilio kinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, na wapo wanaokutajia bei nzuri halafu mnaanza kubishana ufukweni.

Siku nyingine tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Watu, bodaboda, magunia ya nazi, mbuzi wawili, wote pamoja. Tukachukua boda hadi Ushongo. Huko kusini ya mto ndiko iliko Kikogwe, ambako Mjerumani Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza nchini mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na uchumi wote wa mkonge wa Tanga ulianzia hapo.

Ushongo ni kijiji cha wavuvi chenye ufukwe mrefu, mtulivu, na ndiko yanakoletwa mayai ya kasa. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, na mayai yakiachwa pale yanazamishwa. Basi watu wa Sea Sense, shirika la kulinda viumbe wa baharini, huyafukua na kuyafukia upya Ushongo, nchi kavu. Sisi tulibahatika, kiota kilikuwa kinafunguka jioni ile. Watoto wa kasa wanatoka mchanga umewajaa machoni, kila mmoja anaenea kiganjani, lakini kuwabeba marufuku: lazima watambae wenyewe. Mmoja alikwama kwenye alama ya unyayo wa mtu, akahangaika, akapinduka, akajinyoosha tena. Watalii wazima tukawa tunamshangilia utadhani Simba na Yanga.

Mjini kwenyewe nilitarajia makubwa kidogo. Historia ni nzito: hapa ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipolipuka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, na ni hapa hapa aliponyongwa Desemba 1889. Boma la kale bado linatumika kama ofisi za serikali. Lakini nyumba nyingi za barabara ya mtoni zimeachwa; mlango wa nakshi umesimama, nyuma yake paa hakuna, mpapai umeota sebuleni. Kijana aliyetutembeza alijua mengi na hakuwa na haraka, huyo nampa alama zote. Ninachokilaumu ni kwamba hakuna hata kibao cha kumweleza anayepita bila mwongozaji.

Chakula, hapana neno. Wali wa nazi na changu wa kupaka kwa mama mmoja karibu na stendi ulitushinda kumaliza. Halua ya Pangani usiinunue iliyokaa dukani; ulizia inapopikwa. Tulimkuta mzee akiikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, jasho linamtoka, samli inaanza kujitenga pembeni. "Shikamoo mzee, bado sana?" "Marahaba. Bado, nendeni mkaswali mrudi." Tukarudi, tukala ya moto na kahawa chungu.

Malazi ni ya kawaida. Chumba chetu kilikuwa safi, neti haina tundu, ila picha za mtandaoni ni za zamani na feni ilizimika umeme ulipokatika usiku. Wenye watoto wadogo waulize jenereta kabla ya kuweka nafasi. Na anayetaka kuwahi basi la Dar siku ya kuondoka aamkie kipanya cha alfajiri, maana cha pili hakiondoki mpaka kijae.