Nililipa Sh2,500 laptopu yangu ifukiwe kwenye mchele

Fundi anayepokea kompyuta iliyomwagikiwa chai na kuifukia kwenye mchele hajatengeneza kitu. Ameiweka tu mahali iendelee kuoza. Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ndani ya mashine ile mlikuwa na alama za muhula mzima. Mwenzangu ofisini alikigusa kikombe kwa kiwiko, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha ikatambaa kwenye kibodi. Niliizima papo hapo, nikaipindua, nikapanda matatu hadi mjini.

Duka lenyewe silitaji. Ni mojawapo ya zile ofisi za ghorofani katikati ya Kisumu, zenye maandishi makubwa mlangoni kwamba wanatengeneza kila kitu. Kijana aliyenipokea alikuwa na heshima, hata kiti alinivutia. Aliitikisa laptopu, akainusa, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii ni maji tu. Mchele utayavuta. Niletee kilo mbili." Nikashuka hadi soko la Jubilee nikanunua mchele wa Ahero, kwa pesa zangu, nikampelekea. Akaitumbukiza ndani ya ndoo, akafunika, akaniandikia Sh2,500 za "kukausha". Hakushika bisibisi. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo: hakushika bisibisi hata mara moja.

Chai si maji. Maji hukauka yakaondoka, lakini sukari na maziwa hubaki, yakanata chini ya vile vipande vidogo vya bodi, lile bamba la ndani linalobeba umeme wa mashine, ambavyo jicho halivioni vizuri. Kisha hewa yetu ya ziwani inakuja na unyevu wake, yale mabaki yanaunyonya, na umeme unapata pa kupitia tena. Punje ya mchele iliyo nje ya ganda la plastiki itaifikiaje sukari iliyo chini ya bodi?

Halafu kuna betri. Laptopu nyingi za siku hizi betri yake iko ndani, nyuma ya skrubu. Ukizima, kioo kinakuwa cheusi lakini bodi hailali. Kuna njia zinazobaki na umeme wa volti 3.3 au 5, zikisubiri ubonyeze swichi tena. Umeme ukikutana na majimaji yenye chumvichumvi juu ya shaba, shaba inaliwa polepole na kugeuka kijani. Kwa hiyo siku zote mashine yangu ilipokuwa kwenye ile ndoo, betri yake yenyewe ilikuwa ikiimaliza. Kuchomoa waya mmoja tu kungezuia hayo yote, na ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejiita fundi.

Na mchele wa hapa utavuta unyevu gani? Umekaa wazi sokoni kando ya ziwa, umekwisha kushiba hewa hiyohiyo. Feni ya mezani ikipuliza kwenye bodi iliyofunguliwa inakausha upesi zaidi. Hata Apple, mwaka wa 2024, waliwaonya wenye simu zao wasizitie kwenye mfuko wa mchele, maana chembe zake zinaweza kuiharibu simu.

Nilipoirudia, iliwaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Nikamwuliza kwa upole, "Kijana wangu, betri uliitoa?" Akanijibu wateja wote wakisikia: "Madam, kazi hii nimefanya miaka. Chai yako ndiyo imeiua, mchele umefanya kazi yake. Tafuta nyingine." Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yangu, kana kwamba nimeshatoka. Mimi hufundisha watoto wa umri usiopungua sana wake, na sijazoea kuambiwa hivyo na mtu aliyekwisha kula pesa yangu.

Katika kikundi chetu cha walimu cha WhatsApp kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema niitoe bodi niioke kwenye ovena, ili viungo vilivyolehemiwa viyeyuke na kushika upya. Risasi ya kulehemia inayotumika sasa, isiyo na madini ya risasi yenyewe, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, na keki huokwa kwa 180. Kwa hiyo utaichoma plastiki bila kuyeyusha kiungo hata kimoja. Mwingine alitaka diski niilaze kwenye friza. Ikitoka humo kwenye joto la Kisumu inatoa jasho la umande kama chupa ya soda, na humo ndimo alama zangu zilimo! Nilizima simu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Kondele mwenye kibanda kilichosongamana redio na simu za watu. Aliifungua mbele yangu, na kitu cha kwanza alichogusa ni waya wa betri. Ndani mlikuwa na punje ya mchele iliyokwama kwenye feni. Alinionyesha, hakusema neno. Mahali kibodi inapoungana na bodi palikuwa na ukungu wa kijani. Alipasugua kwa mswaki laini na spiriti yake ya kusafishia bodi, akawasha feni, tukangoja.

Ikagoma. Ilitoa mlio tu. Basi akaichomoa kadi ya RAM, yaani ile ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akaomba raba ya penseli kutoka kwenye mkoba wangu, akayafuta polepole yale meno ya dhahabu ya kadi yanayopitisha umeme, akapangusa vumbi la raba, akairudisha. Ikawaka!

Nilikaa kuandika nikitaka kuzilaani dawa zote za nyumbani, na sasa siwezi. Raba inafanya kazi, kwa sababu inaondoa utando uliozuia umeme kupita, mradi usisugue kwa nguvu ukaumaliza ule mpako mwembamba wa dhahabu. Yule dada alijua anafuta nini na kwa nini. Alinitoza Sh3,000 pamoja na kibodi ya mtumba ambayo herufi ya B inataka kubonyezwa kwa nguvu, na risiti hana. Mashine yangu nitampelekea yeye tena.

Yule wa mjini nilikuwa tayari kumsamehe. Nilijiambia labda ni ujana, labda naye alifundishwa hivyo, na alinipokea vizuri siku ya kwanza. Jana nimemrudia kudai pesa zangu. Ndoo ilikuwa palepale chini ya meza, na ndani yake kuna laptopu ya mtu mwingine, taa yake ndogo ya betri bado inawaka. Nilimwambia aitoe mle. Akaniuliza kama nimekuja kumfundisha kazi. Pesa hajanipa, na simsamehi.