Uzoefu wangu na darktable: mwaka mmoja na nusu wa kusafisha picha ghafi

Siku kadi yangu ya benki ilipokwisha muda wake, programu niliyokuwa nikiitumia kuhariri picha, ambayo hulipiwa kila mwezi, ilinifungia vitelezi vyote. Picha zangu nilikuwa nikiziona, na hata kuzipanga niliweza, lakini kila nilipotaka kugusa mwangaza au rangi niliambiwa nilipe kwanza. Sitaitaja kwa jina, maana haikunidhulumu: hayo yalikuwamo katika mkataba nilioukubali bila kuusoma, kama tufanyavyo wengi. Nililipa, nikaendelea na kazi, ila tangu siku hiyo nikawa najiuliza kazi yangu ya miaka minne imehifadhiwa wapi hasa, na ufunguo wake anao nani.

Mimi hupiga picha kwa kujifurahisha tu. Sina wateja wala tarehe ya kukabidhi kazi, na jambo hilo lina uzito katika kuchagua programu, kwa sababu ushauri mwingi hutolewa na watu wanaohariri picha 800 za harusi kwa siku mbili, ilhali mimi nikirudi na picha 60 huishia kusafisha tano. Kasi si shida yangu. Nilichokitaka ni programu itakayoniwezesha kuirudia picha ya zamani baada ya miaka kadhaa, nikaikuta kama nilivyoiacha, hata kama mwezi huo mfuko hauna kitu.

Ndipo nikajaribu darktable. Ni programu huria, haina malipo, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009 katika mradi ulioanzishwa na Johannes Hanika. Watumiaji wa Windows waliipata rasmi mwishoni mwa mwaka 2017. Ina sehemu kuu mbili: meza ya mwanga, ambako picha huchambuliwa na kupewa nyota, na chumba cha giza, ambako husafishwa. Aliyewahi kupeleka filamu kusafishwa ataelewa mara moja mantiki ya majina hayo.

Faili asilia haiguswi kamwe. Kila unachokifanya huandikwa katika hifadhidata ya programu, na pia katika faili ndogo ya maandishi iitwayo XMP, inayokaa pembeni ya picha, ndani ya folda ileile. Kwa udadisi niliifungua mojawapo kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi. Majina ya hatua nilizozipitia yalisomeka bila taabu, moja baada ya jingine kwa mpangilio wake, ingawa viwango vyenyewe vilikuwa msururu wa herufi na tarakimu ambao mtu wa kawaida hawezi kuufumbua. Kwa hiyo uhuru huu si kamili: programu nyingine haitaweza kuzitafsiri hatua hizo zikatoa picha ileile. Picha ambazo sitaki kuzipoteza kabisa huzitoa pia katika TIFF ya biti 16, muundo wa faili unaofunguka katika programu nyingi, zikiwa zimekamilika, ingawa zinakula nafasi kubwa ya diski.

Wiki tatu za mwanzo zilinitesa. Nilifungua faili ghafi ya kwanza, yaani data kama kamera ilivyoinasa, nikakuta picha imepooza, rangi zimefifia, haifanani hata kidogo na ile niliyoiona nyuma ya kamera, nikadhani nimeharibu mpangilio fulani. Kumbe kioo cha kamera hakionyeshi data ghafi. Huonyesha picha ndogo ya JPEG, muundo wa kawaida wa picha, ambayo kamera imekwisha kuipika kwa kanuni za mtengenezaji wake, ikaongezewa utofauti wa mwanga, rangi na ukali. Faili ghafi haijapikwa. Faida yake huonekana unapoanza kuivuta huku na huku: JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi, wakati faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na ndiyo maana kivuli kinachogeuka matope katika JPEG bado huwa na sura ya mtu katika faili ghafi.

Nitoe mfano wa picha moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kuliko maelezo yote. Nilimpiga picha bibi yangu akiwa ameketi kando ya dirisha mchana, kitambaa cheupe begani, uso wote kivulini. Nilipima mwanga kwa ajili ya kitambaa kisiungue, yaani kisipotee katika weupe, kwa hiyo uso ukatoka karibu mweusi. Mara ya kwanza nilitumia zaidi ya saa nzima. Niliinua mwangaza, kitambaa kikapotea. Nikashusha sehemu angavu, picha ikawa ya kijivu. Nikaongeza utofauti, makunyanzi ya uso yakakakamaa kama yamechongwa kwenye mti. Nilipomaliza, orodha ya hatua ilikuwa imefika 31, na mstari mweupe ulikuwa umeuzunguka mwili wa bibi mithili ya mtakatifu katika dirisha la kanisa.

Miezi sita baadaye niliirudia picha hiyohiyo, nikamaliza kwa hatua saba. Safari hii nilianza kwa kuinua mwangaza wa picha nzima hadi uso ukae panapostahili, bila kujali kitambaa, kwa sababu data yake ilikuwa bado ipo, imepita tu uwezo wa skrini kuionyesha. Kisha nikaiachia moduli ya sigmoid (moduli ni zana moja ya kuhariri ndani ya programu), iliyoingizwa katika toleo 4.2 la Desemba 2022, ikunje mwanga wote kwa utaratibu laini ili kitambaa kirudi na mikunjo yake. Moduli ya kusawazisha toni ikashusha ukuta wa nyuma kidogo bila kuacha ule mstari mweupe. Zilizobaki zilikuwa kuweka sawa weupe, kuondoa chenga (vidoadoa vya giza) kwenye kivuli, kukata pembeni na kuongeza ukali kwa kiasi. Bibi alipoonyeshwa zote mbili aliichagua ile ya kwanza, akisema katika hiyo anang'aa. Sikubishana naye.

Nilichojifunza hapo ni kwamba ugumu wa darktable hautokani na kazi yenyewe bali na wingi wa milango. Moduli ni nyingi mno, baadhi zinafanya kazi zinazofanana, na nyingine ni za zamani zilizoachwa ili picha za miaka ya nyuma zifunguke kama zilivyokuwa. Mgeni akiziwasha ovyo, mpangilio mmoja unaufuta mwingine naye hajui ni upi. Nilijitengenezea paneli yenye moduli saba tu, zingine nikazificha, na kuanzia hapo programu ikawa rafiki. Hatua zinazojirudia, kama kurekebisha upindaji wa lenzi na kuondoa chenga, nimezihifadhi kama mtindo mmoja unaobandikwa kwenye picha zote kwa mbofyo.

Kompyuta nayo ina neno lake. Kwa kompyuta yangu ya zamani isiyo na kadi ya michoro ya maana, kuondoa chenga kulimaanisha kusubiri sekunde kadhaa kila nilipogusa kitelezi, na uvumilivu wangu ukaisha upesi. Programu inapoweza kuitumia kadi ya michoro kupitia OpenCL, njia ya kuikabidhi kadi hiyo sehemu ya hesabu, tofauti ni kubwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye mashine uliyo nayo kabla ya kuamini sifa zangu.

Kosa moja nililifanya mwenyewe. Nilihamisha folda za mwaka mzima kwenda diski nyingine kwa kutumia kidhibiti faili cha kompyuta badala ya kuzihamisha nikiwa ndani ya programu, na nilipoifungua tena, hifadhidata ilikuwa bado ikizitafuta mahali pa zamani. Moyo ulinipasuka. Lakini faili za XMP zilikuwa zimesafiri pamoja na picha, hivyo nilipoziingiza upya kutoka diski mpya kila uhariri ulirudi, pamoja na nyota na maneno ya utafutaji. Ingekuwa kazi yangu imekaa ndani ya hifadhidata peke yake, ningekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokusaidia nalo, nalo ni skrini. Picha zangu za kwanza kuchapishwa zilitoka na giza, nikawalaumu wachapaji kimoyomoyo, hadi nilipotambua kwamba skrini yangu ilikuwa imewekwa mwangaza wa juu kabisa, hivyo nilikuwa nikizipunguza picha mwanga ili zionekane sawa kwangu. Kwa kazi ya kuchapisha hupendekezwa mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa mita mraba, ambao mwanzoni utauona hafifu mno. Anayepanga kutumia fedha kwa ajili ya programu afikirie kwanza kifaa cha kupimia rangi za skrini.

Sidhani kwamba kila mtu aihamie darktable. Anayepiga picha kwa simu na kuzituma jioni ileile atahudumiwa vizuri zaidi na Snapseed, programu ya simu. Anayetaka kuchagua mbingu au mtu kwa mbofyo mmoja, na kuanza kazi kwenye simu akaimalizie kwenye kompyuta, ataona Lightroom inastahili malipo yake, kwa kuwa toleo ninalotumia la darktable hunilazimu kuchora kwa mkono mipaka ya maeneo ninayotaka kuyahariri au kuyachagua kwa rangi na mwangaza. Nikitaka kufuta waya wa umeme uliokatiza picha bado naipeleka GIMP, programu nyingine huria ya kuhariri picha. RawTherapee, programu nyingine huria ya picha ghafi, pia niliijaribu kwa wiki mbili, ukali wake nikaupenda, ila wakati ule sikuzoea namna yake ya kuhariri eneo moja moja.

Na hata kulipa si dhamana ya kudumu: Apple ilitangaza mwaka 2014 kwamba inaacha kuiendeleza Aperture, programu iliyokuwa ikiuzwa, na waliokuwa na maktaba zao humo wakalazimika kuhama.

Udhaifu unaonigusa kwa sasa ni wa kamera mpya. Kila mtengenezaji ana muundo wake wa faili ghafi, NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony, CR3 kwa Canon, na programu huria husubiri watu wa kujitolea waufanyie kazi kila mwili mpya wa kamera. Nimeikodolea macho kamera moja kwa miezi miwili. Bado haijaingia katika orodha ya zinazotambuliwa, kwa hiyo ninaendelea na hii ya zamani, na orodha naichungulia kila toleo jipya linapotoka.