Kisanduku cha kutengea samaki: nyota moja, nayo naitoa kwa ile plastiki

Nianze na swali nililoulizwa na mtu wa huduma kwa wateja. Nilikuwa nimemwandikia kwamba kisanduku chao kimebanduka kwenye kioo usiku, samaki wangu mwenye jeraha ametoka akaangukia katikati ya tangi, na alfajiri nimemkuta kachanwa mara ya pili. Jibu lilikuja haraka, hilo siwanyimi: "Pole sana mteja wetu. Ni samaki wa kula au wa kuangalia?"

Wa kuangalia, ndugu yangu. Wa kula hutengwa kwenye sufuria.

Nilidhani hasira hii itapoa nikikaa nayo kidogo. Wiki zimepita, na kila nikikiona kile kisanduku inapanda upya. Basi acha niiandike.

Kitatange wangu alichanwa na kangaja. Mwenye kufuga samaki wa maji chumvi anamjua kangaja: mpole wa sura, kutwa kucha anakwangua mwani kwenye mawe, lakini kila upande wa shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe, umelala kwenye mfuo wake. Akikunja mkia tu unachomoza. Hana haja ya kuuma. Anapita kando ya mwenzake kama mtu mwenye haraka zake, na mwenzake akija kushtuka ameshachanika. Huyu wangu alipata mkato nyuma ya pezi la ubavuni, urefu wa ukucha wa kidole gumba hivi, magamba yameng'oka na nyama nyeupe inaonekana.

Asiyefuga atasema kidonda ni kidonda, kitafunga chenyewe. Samaki wa bahari hana raha hiyo. Maji anayoishi ndani yake yana chumvi karibu mara tatu ya ile iliyo kwenye damu yake, kwa hiyo maji ya mwili wake yanavuja nje saa zote, naye anakunywa bahari saa zote ili kufidia, na chumvi iliyozidi anaisukuma nje kwa matamvua. Ngozi, magamba na ule ute unaokufanya ukimshika akuteleze ndio ukuta wake. Ukuta ukitoboka, mzigo wa kazi unaongezeka papo hapo, na bakteria wamefunguliwa mlango. Sasa juu ya hayo mwongezee jirani anayemfukuza kila akitoka kula. Hafiki mbali.

Ndipo nikanunua kisanduku. Na hapa nisieleweke vibaya, wazo lenyewe nalipenda. Ni boksi la plastiki angavu lenye matundu, unalipachika ndani ya tangi lilelile, mgonjwa anakaa humo. Maji ni yaleyale aliyoyazoea, chumvi ileile, joto lilelile, chujio kubwa linamhudumia bila yeye kujua, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki mwenyewe, haimrundikii. Hakuna kumhamisha mbali. Nilimkinga kwa bakuli badala ya wavu, maana wavu unakwangua hata ule ute uliobaki na kunasa mapezi, nikamwingiza taratibu. Jioni ile alidonoa vipande viwili vya chaza. Ungeniuliza usiku ule kabla sijalala, ningewapa nyota nne. Pengine hata tano, kwa furaha tu.

Halafu vikombe vya mpira.

Kisanduku kinashikiliwa na vikombe vinne vya mpira vya kung'ang'ania kioo. Vinne! Uzito wote wa boksi, na pampu ya mawimbi inalisukuma kutoka upande mmoja mfululizo. Kioo cha tangi la maji chumvi hakiwi kikavu wala kisafi hata siku moja; ukikifuta asubuhi, jioni kina utando wa mwani usioonekana kwa macho, na pale juu penye ukingo wa maji kuna ukoko wa chumvi. Maelekezo yanasema ufute kioo kwanza. Nilifuta. Nilifuta kama mtu anayesubiri wageni wa heshima. Vikombe viwili vya juu vikaachia usiku, boksi likapinduka, kifuniko kikafunguka chenyewe (kifuniko hakina hata kikomeo, kimekaa tu hapo kama kofia), mgonjwa akatoka gizani kwenye eneo la adui yake.

Alfajiri nilimkuta amejibana kwenye ufa wa jiwe, rangi imemfifia, anapumua haraka, na mkato wa pili uko karibu na mkia. Boksi limelala mchangani chali. Vikombe viwili bado vimeng'ang'ania kioo, kwa uaminifu mkubwa, bila kushika kitu.

Baada ya lile swali la kula au kuangalia, nilijikaza nikaeleza vizuri. Nikauliza jambo moja: kuna vikombe vikubwa zaidi, au vikulabu vya kuning'iniza kwenye ukingo wa tangi? Sikujibiwa hilo. Nilipewa ushauri wa kitabibu ambao sikuuomba: nimimine dawa ya shaba kwenye tangi zima, "itamaliza tatizo".

Ingemaliza kweli. Shaba ni dawa ya vimelea, kama wale wa madoa meupe, haishoni kidonda. Na tangi langu lina kamba wawili wa kusafisha samaki, konokono, na matumbawe niliyoyalea tangu yakiwa vipande vya kutosha kijiko. Shaba inaua kamba, inaua konokono, inaua matumbawe. Tena mawe na mchanga hufyonza sehemu ya hiyo shaba, ukija kuiondoa inakuwa kazi ya kukufanya uchukie tangi lenyewe. Na huyu ni mtu anayeajiriwa kujibu wenye samaki! Ningekuwa mgeni wa mambo haya, ningemimina, na jioni ningekuwa naokota maiti nikishukuru kwa huduma.

Nikaachana naye, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: tangi dogo la wagonjwa. Halina mchanga, taa imezimwa, hita iko kwenye nyuzi 25, vipande vya bomba la plastiki vimewekwa chini vya kujificha. Sponji nililichomoa kwenye chujio la tangi kubwa, likiwa tayari limejaa bakteria wanaokula amonia, kwa sababu sponji jipya kutoka dukani kwa wiki za mwanzo ni pambo tu. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya 8.1 hadi 8.3 hivi, na katika kiwango hicho amonia ni kali kuliko ilivyo kwenye maji yaliyo chini ya hapo, kwa hiyo nilipima kila siku na kubadilisha robo ya maji kila siku, chumvi na joto vikiwa vimelinganishwa kwanza. Kiwango cha chumvi nilikishusha polepole kwa siku kadhaa, hidromita, kile chombo cha kupimia chumvi ya maji, ikatoka 1.025 hadi 1.020, ili kumpunguzia ule mzigo wa kuvuja. Siku tatu hakula. Siku ya nne nilifungua chaza nikamwekea na ganda lake, nikatoka chumbani. Niliporudi ganda lilikuwa jeupe.

Sasa, kwa kuwa nimekula kiapo cha kusema kweli, kuna kitu nimekiruka. Kangaja na kitatange walikaa miezi mingi bila ugomvi. Kisha mtu mmoja akahamisha jiwe kubwa ili tangi lipendeze, na jiwe hilo ndilo lilikuwa chumba cha kulala cha kitatange, akalazimika kwenda kuomba hifadhi kwenye pango la mwenzake. Mtu huyo hakuwa wa huduma kwa wateja. Najua hilo. Limenipunguzia hasira kidogo, si sana.

Na kuna jingine, linaniuma kulikiri. Kitatange alipopona na kidonda kubaki mstari uliopinda, tatizo lilikuwa kumrudisha. Nilikitoa kile kisanduku kwenye takataka. Vikombe nimevikata nikavitupa, nikatoboa matundu mawili juu, nikakifunga kwenye ukingo wa tangi kwa kamba ya nailoni, na kifuniko nikakibana. Kisha nikamtia ndani kangaja. Siku tano akakaa kizuizini, akimwangalia kitatange akizunguka, akichagua pango, akila mbele yake. Nilipomfungulia hakumgusa. Bado hajamgusa.

Kwa hiyo kisanduku, kikinyang'anywa kila kitu walichokibuni kukishikilia, ni kizuri. Plastiki imara, haijachubuka, matundu yamesagwa vizuri hayamkati samaki. Nilikaa hapa nimeshaweka nyota tatu, nikawa natafuta maneno ya upole ya kumalizia.

Ndipo ujumbe wao ukaingia kwenye simu. "Mteja wetu mpendwa, tunatumaini samaki wako anaendelea vizuri na dawa. Je, ungependa kuagiza kisanduku cha pili?"

Moja. Nimerudisha moja.